Gerezani: Bampa linang'aa, vumbi linafuata nyumbani

Anayeshuka basi la mwendokasi katika kituo cha Gerezani, jijini Dar es Salaam, hahitaji kuuliza njia ya kwenda kwenye spea za magari. Atazame kuta tu. Mabampa yametundikwa juu ya milango ya maduka, boneti zimesimamishwa kama meza zilizokunjwa, na taa za mbele zimepangwa chini zikimtazama kila mpita njia.

Vijana wanamwahi mteja kabla hajavuka barabara. "Mama, gari gani? Aisti? Rahumu? Sema tu, bampa lipo, fenda ipo." Mteja akisema ameharibikiwa na bampa la mbele la Toyota IST, ndani ya dakika tano anawekewa mabampa matatu mbele yake, kila moja na bei yake. Yote yana umbo moja, lakini hayalingani hata kidogo.

La kwanza ni jenuini, lililotoka kwa mtengenezaji wa gari lenyewe. Bei yake humfanya mzazi akumbuke ada. La pili ni la mtumba, limevuliwa kwenye gari lililokwisha kazi Japani na limekuja na rangi yake, michubuko yake na historia yake. La tatu ni jipya kabisa, ila halikutengenezwa na kampuni iliyounda gari. Viwanda vya Taiwan na China vimejenga jina kwa vipande vya namna hii, na kwa bei yake ndiyo familia nyingi hulichukua.

Bampa hilo la tatu ndilo lenye kazi kubwa zaidi. Linakuja jeusi au kijivu, halina rangi ya gari, na pengine matundu yake ya vibanio hayakai sawasawa. Kutoka dukani Gerezani mpaka lirudi kung'aa mbele ya gari linalopeleka watoto shule, lazima lipite kwa fundi rangi.

Kinachobeba kishindo hakionekani

Kabla ya kuondoka dukani, mzazi ana jambo la kukagua. Bampa la plastiki ni sura ya gari. Kinachopokea kishindo gari linapogongwa kiko nyuma yake: chuma kilichofungwa kwenye fremu, na kwenye magari mengi kipande cha povu gumu ambacho mafundi hukiita sponji. Gari likigongwa kwenye foleni ya Buguruni au Tazara, sponji huvunjika na chuma hupinda hata kama bampa limechanika kidogo tu.

Mtu anayetaka gari lipendeze haraka hununua bampa, akalipaka rangi na kulifunga juu ya chuma kilichopinda na sponji iliyokatika. Kwa nje gari ni jipya. Ndani hakuna kitakachosaidia likigongwa tena. Kwa hiyo swali la kwanza kwa fundi lisiwe "rangi itafanana?" Liwe "fundi, chuma cha ndani kikoje?" Naye akionyeshe kikiwa wazi, bampa likiwa bado halijafungwa.

Jingine ni taa ya mifuko ya hewa kwenye dashibodi. Ikiwa inawaka baada ya ajali na haizimi, hilo si suala la fundi rangi. Magari mengi yana vihisio vya mgongano sehemu ya mbele, na vinahitaji fundi umeme wa magari mwenye kifaa cha kupimia.

Chini ya mwembe, Ilala

Kutoka Gerezani kwenda Ilala si mbali. Bodaboda hubeba bampa limefungwa kwa kamba mgongoni mwa abiria kama ngao. Huko, kwenye viwanja vilivyobanana kati ya nyumba, ndiko zilipo gereji nyingi za bodi na rangi. Hazina kuta. Zina mwembe au mkungu wa kivuli, kompresa inayonguruma, na magari yaliyofunikwa magazeti kwenye vioo.

Fundi mzuri hafungui kopo la rangi siku ya kwanza. Kwanza analijaribisha bampa jipya kwenye gari likiwa bado jeusi. Likikataa kukaa, afadhali likatae sasa. Bampa lililokwisha kupakwa likilazimishwa kwa kupindwa au kutobolewa upya, rangi hupasuka pembeni na lawama huanza.

Baada ya hapo ni sabuni na maji. Wateja wengi hushangaa kwa nini kitu kipya kioshwe. Sababu iko kiwandani. Plastiki inapomiminwa kwenye kalibu, kalibu hupakwa dawa ya utelezi ili kipande kitoke bila kung'ang'ania, na mabaki yake hubaki juu ya bampa. Hayaonekani kwa macho, lakini rangi huyaona.

Kipimo cha fundi ni rahisi. Anamwaga maji juu ya bampa. Yakijikusanya vitone vitone kama kwenye jani la myugwa, utelezi bado upo. Yakitandaa sawasawa kama shuka, bampa limekubali. Kisha hufuta kwa dawa ya kutoa mafuta, kitambaa kimoja cha kupaka na kingine kikavu cha kukausha. Anayetumia kitambaa kimoja kwa kazi zote mbili anahamisha mafuta kutoka upande huu kwenda ule.

Msasa una mti wake

Ndipo msasa unapoingia. Watoto wengi wa mjini wanajua msasa ni karatasi ya dukani. Lakini msasa ni mti pia, jamii ya mkuyu, wenye majani yanayokwaruza kama ulimi wa paka. Maseremala wa zamani walisugulia mbao kwa majani hayo kabla karatasi haijafika, nayo karatasi ikarithi jina.

Karatasi hizo zina namba nyuma, na kadiri namba inavyopanda ndivyo chembe zinavyokuwa laini. Kipande kinachokuja na rangi ya awali ya kiwandani husuguliwa kwa namba 320 au 400 ili kipate mikwaruzo midogo ya kushikia. Kabla ya rangi yenyewe, fundi hupanda hadi 600 au 800 kwa maji, ili mikwaruzo isionekane gari likipigwa na jua.

Fenda na boneti za bati zina fumbo lao. Huja na koti jeusi, na mteja hudhani hiyo ndiyo praima tayari. Pengine ndiyo, pengine ni rangi ya kuzuia kutu isiingie wakati bidhaa ikiwa melini. Fundi huweka thina kwenye kitambaa na kukibandika juu ya koti hilo kwa muda mfupi. Weusi ukiyeyuka na kuchafua kitambaa, koti hilo ni la safari tu na lazima litolewe lote. Usipoyeyuka, hukwaruzwa, kisha praima hupakwa juu yake. Popote bati linapobaki uchi lifunikwe siku hiyohiyo, kwa sababu upepo wa bahari ya Dar es Salaam hauhitaji wiki nzima kuleta kutu.

Kwa bampa kuna hatua moja ambayo fundi wa haraka huiruka. Mabampa mengi ni ya plastiki aina ya polipropilini, na mara nyingi upande wa ndani zimechapwa herufi PP. Plastiki hiyo haipendi kushikwa na kitu chochote. Ikiwa imekuja mbichi, bila koti la kiwandani, inahitaji dawa maalumu ya kushikisha rangi kwenye plastiki kabla ya praima. Bila dawa hiyo bampa litatoka gereji liking'aa vilevile. Miezi michache baadaye, siku gari linapooshwa kwa mpira wa maji ya kasi, rangi itabanduka vipande vizima kama ganda la kiazi kitamu kilichochemshwa.

Nyeupe si moja

"Gari langu ni jeupe, fundi, paka nyeupe." Maneno haya yamezaa ugomvi mwingi. Weupe upo wa aina nyingi, na kila gari lina namba yake ya rangi. Kwa Toyota huandikwa kwenye kibao kidogo, aghalabu kwenye fremu ya mlango au ndani ya boneti. Namba 040 ni nyeupe ya kawaida, 202 ni nyeusi, 1F7 ni ya fedha. Namba 070 ni nyeupe ya lulu, ambayo hujengwa kwa tabaka tatu: nyeupe ya chini, lulu juu yake, kisha klia. Ndiyo maana fundi anayeijua kazi atataja bei tofauti kwa magari mawili ambayo mteja anayaona yote meupe.

Hata namba ikijulikana, jua la miaka kumi limekwisha kubadilisha rangi ya gari. Fundi makini hupuliza kwanza kwenye kipande cha kadi au bati, akakisubiri kikauke, kisha akakisogeza ubavuni mwa gari juani na kivulini. Rangi za fedha ndizo sumbufu kuliko zote, kwani zina vumbi la madini ndani. Ukipuliza mbichi sana, vumbi hilo huzama na rangi kuwa nzito. Ukipuliza kavu, hubaki juu na rangi kuwa ya mwanga.

Kazi ya kupuliza hufanywa asubuhi, kabla upepo haujaamka. Kijana humwagia maji ardhini ili vumbi litulie. Bampa huwekwa juu ya stendi, na fundi hupita nalo kwa mkono ulionyooka, bomba likiwa umbali wa sentimita 15 hadi 20. Mkono wa kwanza ni mwepesi. Anasubiri dakika kadhaa, rangi iache kung'aa, anapita wa pili. Asiyesubiri hupata machozi, rangi ikitiririka. Anayepuliza kutoka mbali hupata uso wa ganda la chungwa. Wakati wa masika, hewa ikiwa imejaa maji, rangi huweza kupata ukungu mweupe, na fundi mwaminifu humwambia mteja arudi siku jua likiwaka.

Mwisho ni klia iliyochanganywa na hadna. Hii ndiyo inayoleta mng'ao ambao mzazi atajiona usoni humo akija kuchukua gari. Na hii ndiyo hatua ambayo watu wa gereji hawapaswi kuizoea.

Harufu si mwalimu mzuri

Hadna ya rangi nyingi za magari ina kemikali za jamii ya isosayaneti. Ukungu wake ukivutwa, mwili wa mtu unaweza kuanza kuzikataa, naye akapata pumu ambayo hakuwa nayo. Akishafika hapo, hata kiasi kidogo tu huweza kumbana kifua. Katika nchi zenye kumbukumbu za magonjwa ya kazini, Uingereza ikiwamo, wapuliza rangi za magari wamo miongoni mwa wanaopata pumu ya kazi kwa wingi zaidi.

Tatizo ni kwamba isosayaneti hazitoi onyo kwa harufu. Kinachonuka gereji ni thina. Kwa hiyo mtu akisema "harufu imeisha, ingieni," hajapima chochote. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii ukungu huo, wala barakoa nyepesi ya hospitali haiuzuii. Kwenye karakana kubwa mpulizaji huvaa kofia inayopelekewa hewa safi kwa mpira, na kazi hufanyika kwenye chumba chenye feni za kuvuta hewa.

Chini ya mwembe hakuna chumba hicho. Lakini yapo yanayowezekana: barakoa ya mpira yenye vichujio vya kemikali vinavyobadilishwa kwa wakati, miwani, glovu, kupuliza mahali pa wazi huku upepo ukiwa mgongoni, na watu wengine wote kukaa mbali mpaka ukungu upotee. Barakoa hiyo haifikii kofia ya hewa, lakini inaizidi mbali fulana iliyofungwa usoni.

Na watoto wasiwepo. Siku za Jumamosi ni kawaida kuona baba amekuja gereji na mwanawe wa miaka mitano, akamkalisha kwenye gari la jirani acheze na simu wakati wakisubiri. Kwa mzazi anayetaka kuona kazi ya rangi, aje peke yake, au aje baada ya siku mbili.

Kinachopanda daladala jioni

Vumbi la msasa lina safari yake pia. Kwenye vipande vipya ni vumbi la praima. Kwenye gari la zamani linalokwanguliwa, hasa lenye rangi nyekundu au njano ya miaka ya nyuma, linaweza kuwa na madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara, na kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Madhara yake huangukia ubongo unaokua.

Baba akitoka gereji na nguo zilezile, akapanda daladala, akafika nyumbani na mtoto akamrukia mlangoni, vumbi limefika. Likianguka kwenye mkeka, mtoto anayetambaa ataweka mkono mkekani, kisha mdomoni. Mama akichanganya ovaroli na nguo za mtoto kwenye beseni moja, limesambaa.

Dawa yake haina gharama kubwa. Nguo za kazi zibaki gereji, au ziingie kwenye mfuko uliofungwa. Mikono na uso vioshwe kabla ya kuondoka, si kwa thina bali kwa sabuni. Viatu vya kazi visivuke kizingiti. Nguo hizo zifuliwe peke yake. Kumkumbatia mtoto kuje baada ya kuoga, na mtoto akielezwa atazoea kusubiri.

Hatari nyingine imo kwenye chupa. Thina inayobaki hutiwa kwenye chupa ya maji au ya soda, ikapelekwa nyumbani "itafaa siku nyingine." Ina rangi ya maji, na mtoto mwenye kiu haulizi. Thina ikae kwenye kopo lake lenye maandishi, juu, mahali palipofungwa. Ikitokea mtoto amekunywa, asilazimishwe kutapika, kwa sababu inapopanda huweza kuingia mapafuni na kuleta madhara makubwa kuliko tumboni. Akimbizwe hospitali, na chupa ipelekwe pamoja naye.

"Nimekuletea mtoto"

Siku yoyote ya wiki, hasa baada ya matokeo ya kidato cha nne, mama huweza kuonekana akisimama pembeni mwa gereji, mkoba kifuani, kijana nyuma yake.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mama. Gari liko wapi?"

"Sina gari. Nimekuletea mtoto. Amemaliza shule, akikaa mtaani ataharibika. Mfundishe kazi."

Ombi hilo ni zito na halina ubaya. Ufundi rangi ni kazi ya heshima. Kijana mwenye jicho la rangi na mkono mtulivu hujenga nyumba kwa kazi hii, na mji wenye magari mengi kama Dar es Salaam hautaacha kugongana kesho. Wengi wa mafundi wanaosifiwa leo walianza kwa kuosha mabampa na kumwagia maji ardhini.

Lakini umri una sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu mtoto wa miaka 14 kufanya kazi nyepesi tu, isiyomdhuru afya wala kumzuilia masomo, na inakataza aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa kwenye mazingira ya hatari. Kushika bunduki ya rangi yenye hadna si kazi nyepesi. Mzazi asione haya kumuuliza fundi: mwanangu atavaa nini puani? Atakula wapi? Nguo atabadilishia wapi? Lini ataruhusiwa kupuliza? Fundi anayekasirikia maswali hayo ameshayajibu.

Ipo pia njia ya VETA, mamlaka ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994. Huko kijana hujifunza pamoja na usalama kazini, na hata aliyejifunzia mtaani anaweza kupimwa ujuzi wake na kurasimishwa kwa cheti. Kwa familia iliyokwisha kutumia fedha zake kwenye sekondari, kuunganisha njia hizo mbili ni busara: mkono uzoee gereji, akili ipate cheti.

Mwenye gari naye ana sehemu yake. Anayembana fundi amalize leoleo, kwa bei ya chini kuliko majirani wote, anajua au hajui kinachokatwa kwanza. Dawa ya plastiki hukatwa, muda wa kukauka hukatwa, na vichujio vya barakoa havinunuliwi. Mteja anayetoa siku tatu na bei ya haki hupata bampa lisilobanduka, na fundi hupata kifua cha kumfikisha uzeeni.

Jioni, adhana ikisikika kutoka msikiti wa jirani, kompresa huzimwa na Ilala husikika upya: honi, wauza kahawa, watoto wa chuo wakirudi. Kwenye gereji yenye utaratibu, ndoo ya maji na kipande cha sabuni huwa vimewekwa kando ya kisima cha bomba, na ovaroli hutundikwa kwenye msumari wa mwembe. Fundi anaondoka na shati safi. Kazi anaiacha pale, ikining'inia, imsubiri mpaka asubuhi.